Shata ya kamera ya mkanda inazingua? Maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Arusha

Nina miaka kadhaa sasa nahangaika na kamera za mkanda, meza yangu iko nyumbani tu hapa Arusha, na karibu kila kamera inayofika inakuja na maneno yaleyale, "fundi, shata imekufa", yaani ile sehemu inayofunguka na kufunga kupitisha mwanga kwenye mkanda. Nyingi hazijafa. Zingine zinaumwa kweli, ila kilichozimaliza ni mtu aliyeshika bisibisi au kumimina oili kabla hajajua tatizo ni nini. Kwahiyo nimekusanya maswali yote ya WhatsApp na ya barabarani nikayajibu hapa, pengine nimekaa sana, pengine nimepita haraka. Soma kwanza ndio ufungue kamera.

Fundi, nitajuaje kama shida ni shata na sio kitu kingine?

Anza na negativu, kamera iache kwanza. Siku hizi watu wakishatumiwa picha kwenye simu wanaacha mkanda wao studio, jamani msiache, chukueni mkanda wenu, ndio cheti cha hospitali cha hiyo kamera. Uinue dirishani mchana uutazame vizuri.

Kitu cha kwanza angalia uharibifu umeishia wapi. Kosa la shata linabaki ndani ya fremu, ile boksi ya milimita 24 kwa 36, halivuki mpaka, maana shata inaruhusu mwanga kwenye hiyo boksi peke yake. Ukiona weusi umemwagika mpaka kwenye matundu ya pembeni, au umeingia kwenye ile nafasi kati ya fremu na fremu, hapo mwanga umepenya mlango wa nyuma, zile sponji za mlangoni zimeoza zimekuwa kama lami. Hiyo ni kazi ndogo ya kubadilisha sponji, wala usiguse shata. Na kumbuka negativu iko kinyume, palipokosa mwanga panaonekana peupe kama nailoni, palipozidi mwanga panakuwa peusi tii. Kuna mtu aliniambia shata yake "inachoma upande", kumbe alikuwa anasoma negativu kama picha, upande aliodhani umechomwa ndio uliokosa mwanga.

Mkanda umetoka mtupu wote, hata picha moja hakuna. Shata hiyo?

Tazama pembeni ya mkanda, pale juu na chini ya fremu. Kama kuna namba na jina la mkanda zimeandikwa basi dawa ilifanya kazi vizuri, ni mwanga tu haukufika. Kama hata hizo namba hazipo, kosa liko kwenye kusafisha mkanda kwa dawa, na kamera yako haina hatia.

Sasa kama namba zipo na picha hazipo, mara nyingi sana mkanda haukushika kwenye spuli toka mwanzo, ukapiga picha 36 za hewa. Kuanzia leo kila ukivuta mkanda tazama kile kitufe cha kurudishia mkanda, juu upande wa kushoto, lazima kizunguke. Kisipozunguka hakuna kinachotembea ndani. Kama una uhakika kilikuwa kinazunguka ndio sasa ufungue mlango kamera ikiwa tupu, uielekeze dirishani, uweke spidi ya 1/125 (shata ifunguke kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde) ubonyeze huku unachungulia kwa nyuma. Ukiona mwanga unamulika, shata inafunguka. Usipoona kitu, zile pazia mbili za shata zinakimbia zimeshikana, na hapo shata ni mgonjwa kweli.

Shata ziko aina ngapi? Yangu ni ipi?

Kwa kazi yetu hesabu tatu. Kuna ya pazia za kitambaa, inakimbia kwa ulalo mbele ya mkanda, hizo ni Zenit, Zorki, FED, Pentax Spotmatic, Pentax K1000, Canon AE-1 na wenzake. Kuna ya vibati vya chuma inayokimbia kwa wima, mfano Nikon FM, FM2 na Praktica za L na MTL. Na kuna ile iliyoko ndani ya lenzi, vibati vyembamba vinafunguka kutoka katikati kama ua, ndio za Yashica Mat, Rolleicord, Rolleiflex, Canonet na kamera nyingi ndogo za zamani. Fungua mlango wa nyuma utazame, ukiona kitambaa cheusi ni ya kwanza, ukiona vibati vimepangana ni ya pili, ukiona shimo na lenzi tu ni ya tatu.

Picha zina upande mmoja mweusi, au giza linaongezeka taratibu kuelekea pembeni

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote na nitalijibu kwa kirefu.

Shata ya pazia ina pazia mbili. La kwanza linafungua, la pili linafuata linafunga. Kwenye spidi kubwa, 1/500 au 1/1000, fremu yote haiwi wazi kwa wakati mmoja, kinachopita mbele ya mkanda ni ufa mwembamba tu kati ya pazia na pazia. Sasa zikikimbia kwa mwendo mmoja ufa unabaki na upana uleule mwanzo mpaka mwisho na picha inatoka sawa. Lakini pazia la kwanza likichoka, grisi yake imekauka, springi imelegea, la pili linalifukuza linalikaribia, ufa unazidi kuwa mwembamba na picha inazidi giza. Likilifikia kabisa ufa unaziba, na kuanzia hapo mpaka mwisho wa fremu ni giza tupu.

Ndio maana ugonjwa huu unaanza na spidi ya juu kabisa. Ukipiga 1/1000 upande mweusi, 1/500 upande una giza kidogo, 1/250 safi, basi jibu unalo na huhitaji kufungua chochote kulithibitisha. Toa lenzi, fungua mlango, elekeza kamera kwenye anga jeupe (sio kwenye jua), weka 1/1000 ubonyeze mara kumi. Mwanga unatakiwa ujaze boksi yote, ukiona kona moja haiwaki umeipata.

Angalia pia mstari wa giza (kwenye negativu utauona mweupe) umesimama vipi. Shata ya kitambaa inakimbia kwa ulalo, kwahiyo giza lake linakata fremu kwa upande mfupi. Ya vibati vya wima giza linalala kwenye upande mrefu. Ukiona kamera ya kitambaa ina giza kwenye upande mrefu, tena kwa spidi zote, mshuku kioo, kile cha ndani kinachokuonyesha picha ukichungulia na kupanda ukibonyeza, inawezekana kinachelewa kupanda na shata haina kosa.

Na ukiona kamstari kembamba kalikozidi mwanga pembeni kabisa mwisho wa fremu, hapo pazia linafika mwisho linagonga linarudi nyuma kidogo, breki yake imechoka. Hiyo mpe fundi.

Sasa tiba. Kuna mafundi wakiona hivi wanageuza zile skrubu za springi chini ya kamera, wanakaza, kamera inapona siku hiyohiyo unalipa unaondoka. Kukaza springi juu ya grisi iliyoganda ni kumchapa punda mgonjwa, atakimbia leo. Inatakiwa grisi ya zamani isafishwe kwanza kwenye mihimili ya pazia, iwekwe mpya kidogo sana, ndio springi ipimwe. Mpaka utakapopata huyo fundi piga picha kwa 1/250 kushuka chini, kamera bado inafaa.

Picha za flashi tu ndio zinakatika nusu, za mchana ziko poa

Kamera ni nzima, umeweka spidi kubwa. Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, kwahiyo inabidi shata iwe wazi fremu nzima wakati huo. Zenit E ni 1/30, K1000 ni 1/60, FM2 za mwanzo ni 1/200 na zilizofuata 1/250. Nyingi zina alama ya X au namba ya rangi tofauti kwenye spidi hiyo. Ukiwa kwenye spidi sahihi na bado inakata ndio uje tuongee.

Spidi za chini zinakwama. Naweka sekunde 1, inafunguka haifungi, au inafunga baada ya sekunde tatu

Weka sekunde 1 ubonyeze ukiwa umeisogeza kamera sikioni. Kamera nzima ya makanika inatoa mlio wa gia ndogo, zzzzzzz, mlio mmoja ulionyooka kuanzia mwanzo mpaka mwisho, halafu tk. Ya kwako utasikia zzzz-zz...z.....z, inapungua kama mtu anayepanda mlima na gunia, pengine inasimama kabisa mpaka uvute mkanda.

Ni zile gia za kuchelewesha, zinatumika kwenye spidi za chini peke yake. Spidi za juu hazipiti huko, ndio maana kamera inaweza kuwa safi kabisa 1/125 na mfu kwenye 1/4. Sababu karibu siku zote ni oili ya kiwandani iliyokauka miaka 40 kabatini ikawa gundi. Piga piga shata kwenye spidi hizo mara 50 au 60, nyingine zinaamka, ila jua umeiamsha hujaitibu, ukiiacha mwezi italala tena.

Kwahiyo niweke oili?

Hapana. Hapana kabisa, na hapa naomba unisikilize.

Kamera yangu ya kwanza ilikuwa Zenit E ya mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anapiga picha za kipaimara na harusi kule Machame, familia nyingi za pale picha zao za ukutani zimetoka kwenye ile kamera. Nilipoipata ilikuwa nzito kwenye 1/30. Nikachukua oili ya cherehani, tone moja pale, tone moja hapa, kwenye kila kitu nilichokiona kinazunguka. Siku hiyo ilikimbia kama mpya na nilifurahi sana. Baada ya wiki tatu oili ilikuwa imetambaa mpaka kwenye kitambaa, mpira wa pazia ukalainika ukaanza kunata, na vumbi la kiangazi likaja kukaa juu yake. Pazia zote mbili nilizitoa zikiwa zinachanika mkononi. Kitu kilichovumilia harusi za miaka yote hiyo nilikiua kwa oili ya shilingi mia tano, na bado inaniuma.

Oili inatambaa, hilo ndilo la kukumbuka. Tone unaloweka kwenye gia leo kesho liko kwenye vibati, na vibati vya shata vinatakiwa vikavu kabisa, havihitaji mafuta ya aina yoyote. Zile dawa za kopo za kupulizia bawaba za mlango ndio mbaya zaidi, mafuta ya taa nayo yanaacha utando. Fundi anaweka oili kwa ncha ya sindano, kwenye mhimili tu, baada ya kuosha. Kama hujaosha unachoweka ni tope juu ya tope.

Nabonyeza haitoki kabisa, imegoma

Kabla ya yote, umevuta mkanda mpaka mwisho? Wenzo ukiishia njiani kamera nyingi hazitoi picha. Halafu betri, na hapa inategemea una kamera gani.

K1000, Zenit, FM2 shata zao ni za makanika, betri, kwa zile zenye betri, ni ya kipimo cha mwanga tu, hata ukiitoa inapiga kila spidi. Zikigoma ni ugonjwa wa ndani. Canon AE-1 bila betri ya volti 6 ni tofali, haifanyi kitu. Nikon FE bila betri inakuachia M90 (spidi ya 1/90) na B (shata inabaki wazi muda wote umebonyeza) peke yake, ukikwamia porini unaweza kumaliza mkanda na M90. Yashica Electro 35 bila betri inapiga, lakini yote kwa 1/500, kwahiyo ukiletewa picha zenye giza zote hata za kivulini uliza betri kwanza. Olympus Trip 35 yenyewe haina betri, ikiona mwanga hautoshi inainua kibendera chekundu ndani ya kidirisha inagoma kupiga, huo sio ugonjwa, ndivyo ilivyotengenezwa. Toka nje juani ubonyeze tena.

Betri ndogo zile LR44 zipo kwa mafundi saa wengi hapa mjini. Ukipata SR44 chukua hiyo, volti yake inatulia mpaka siku inakufa. Ukifungua kibokisi cha betri ukakuta ukungu wa kijani na nyeupe, kijiti cha pamba na siki au limao kidogo, sugua mpaka chuma king'ae, kausha vizuri, halafu ndio uweke betri mpya. Nimeona kamera zilizokaa miaka kabatini zinaitwa mbovu kumbe ni ile chumvi tu.

Minolta X-700 ikiwa na betri nzima, taa za ndani zinawaka, lakini shata haitoki na wenzo umejifunga, kuna kapasita ndani, kidude kidogo cha umeme, hufa kwenye kamera hizo. Fundi redio mwenye mkono mwepesi anaweza kuibadilisha.

Kioo kimebaki juu, naona giza ninapochungulia

Sababu mbili za kawaida. Moja, sponji ya juu ambayo kioo kinagonga imekuwa gundi, kioo kimenata. Shusha taratibu kwa kadi nyembamba upande wa pembeni, toa hiyo sponji yote, safisha kwa spiriti kwenye kijiti cha pamba, weka mpya. Ila usiguse uso wa kioo wala usiufute kwa fulana, kioo cha kamera kina fedha kwa juu sio nyuma kama cha bafuni, ukifuta unachubua. Pili, betri imekufa katikati ya kupiga, Pentax ME Super ni maarufu kwa hilo. Badili betri, weka kwenye 125X ambayo haitegemei betri, ujaribu kukiachia.

Nawezaje kupima spidi bila mashine?

Una vitu vitatu, sikio, simu, na TV ya chogo, zile za zamani zenye mgongo mnene. Usicheke TV ya chogo, kama bado iko stoo kwa bibi usiitupe.

Simu kwanza. Kwa spidi za chini rekodi sauti, fungua ile rekodi uone mawimbi, pima kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Inafaa mpaka 1/15 au 1/30 hivi, zaidi ya hapo milio inaungana. Video ya mwendo wa pole ya picha 240 kwa sekunde inakupeleka mbele kidogo, weka kamera dirishani mlango wazi, rekodi kwa nyuma, halafu hesabu picha ambazo katikati ya boksi pana mwanga. 1/8 ni picha 30, 1/30 ni picha 8, 1/60 ni 4. Kupita hapo simu haiwezi. Na tumia mwanga wa mchana, taa za umeme zinapepesa zitakudanganya.

Spidi za juu ndio kazi ya chogo. Ile TV inachora picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mistari 15,625 kwa sekunde moja. Kwahiyo kwenye 1/1000 jicho lako linaona mistari kama 15 tu, 1/500 kama 31, 1/250 kama 62, kila ukishuka hatua inakuwa mara mbili. Zima taa za chumba, washa TV hata ikiwa na chenga tu, toa lenzi, fungua mlango, isogeze kamera karibu na skrini uchungulie kwa nyuma ubonyeze. Kwa shata ya kitambaa utaona mkanda wa mwanga umelala mshazari, kama mshipi umetupwa kwenye skrini. Shata ya vibati vya wima isimamishe kamera kwa ubavu ndio uone hivyohivyo.

Huna haja ya kuhesabu mstari mmoja mmoja, tazama umbo. Mshipi wenye upana mmoja kona mpaka kona, pazia zinakwenda sawa. Mshipi unaoanza mnene ukamalizikia mwembamba kama mkia wa panya, ndio ule ugonjwa wa kufukuzana niliosema, na unauona kwa macho yako bila kupoteza mkanda hata mmoja. Kisha linganisha 1/1000 na 1/500, kama mishipi yote ina upana uleule basi hiyo 1/1000 ni jina tu.

Spidi zangu haziko sawasawa, nihangaike?

Inategemea mkanda. 1/1000 ikitoka 1/700 umekosea nusu stopu tu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu yake), na mkanda wa rangi wa negativu hautashtuka, unavumilia kuzidi mwanga stopu moja hata mbili. Slaidi, ile mikanda inayotoka picha halisi badala ya negativu, hazisamehi. Mimi nachojali zaidi kuliko namba ni shata kufanya jambo lilelile kila mara. Inayotoa 1/700 kila siku unaizoea, ya kutoa 1/900 asubuhi na 1/300 jioni hiyo inahitaji kuoshwa.

Kuna kitone cha mwanga kinajirudia palepale kila picha

Una Zorki, FED au Leica? Hizo hazina kioo ndani, lenzi inatazama pazia moja kwa moja, na jua letu la hapa halina mchezo. Ukiiweka kamera mezani lenzi wazi imetazama jua ni kama watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuzia, kitambaa kinatoboka. Ingia chumba cha giza usiku, toa lenzi, mulika tochi kwa mbele, chungulia kwa nyuma. Fanya mara mbili, kabla ya kuvuta mkanda na baada ya kuvuta, maana ukivuta linaloziba ni pazia la kwanza na ukishapiga linaloziba ni la pili. Tundu dogo linazibika kwa rangi nyeusi ya kitambaa inayobaki laini, tabaka jembamba sana, ukipaka nene pazia linakakamaa unapata ugonjwa mwingine. Na funika lenzi ukiwa hupigi.

Kamera nzima Moshi, ila picha za mlimani zimekatika

Aliniletea kijana mmoja wa Moshi anayepandisha wageni Kilimanjaro, ana Pentax Spotmatic. Mkanda mmoja, kamera moja, geti la Marangu picha safi, Horombo safi, kuanzia Kibo kwenda juu mpaka Uhuru kwenye mita 5,895 kila picha ya 1/1000 ina ubavu mweusi. Aliporudi mjini kamera ikapiga vizuri tena, akadhani aliota. Ni baridi. Grisi ya zamani ikipoa inakuwa nzito, na haizidi uzito sawa kwa pazia zote mbili. Huku chini springi ilikuwa na nguvu za kutosha kuficha ugonjwa, kule juu ukajitokeza. Hata hapa Arusha mwezi wa saba asubuhi naona kamera zinazoanza kudai, mji wetu uko karibu mita 1,400. Ukitaka kuijua shata yako kabla ya safari, ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiingize unyevu, ikae kwenye friji (sio friza) lisaa limoja, ijaribu ikiwa bado ya baridi. Na kule juu ibebe ndani ya koti, itoe ukitaka kupiga tu, hiyo inasaidia na betri pia.

Ni kweli kuna kamera ukigeuza spidi vibaya unaivunja?

Kweli. Zorki na FED vuta mkanda kwanza ndio ugeuze spidi. Zile shata za aina ya Compur kwenye lenzi, kama Rolleiflex za zamani, ni kinyume chake kwa 1/500, iweke kabla hujavuta kwa sababu inaingiza springi ya ziada, na ukihisi inagoma usilazimishe. Popote chuma kinapokataa, simama.

Vibati vya kwenye lenzi vimenata, naweza kufanya nini nyumbani?

Weka B, lenzi wazi kabisa, bonyeza ushikilie utazame kwa tochi. Vibati vikiwa na mng'ao wa mafuta kama maji yenye petroli, ndio hao. Kama ni lenzi ambayo kioo cha mbele kinafunguka bila kuvuruga mengine, kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo kwa ile petroli nyepesi ya kujazia laita za chuma, gusa, kausha, piga shata, rudia na kijiti kipya mpaka pamba itoke nyeupe. Kidogo kidogo. Ukimwaga, uchafu wote unahamia ndani kwenye gia. Ikipona halafu ikanata tena baada ya siku mbili, mafuta yanatoka ndani na inabidi ifunguliwe.

Na kile kiwenzo cha kujipiga picha mwenyewe, kwenye kamera ya miaka hiyo usikiguse, kikikwama katikati kinaifunga shata yote.

Vibati vya chuma vya wima naweza kusafisha?

Usiguse kwa kidole. Ni vyembamba, vikipinda havirudi.

Canon AE-1 yangu inakoroma kama ina pumu kila nikipiga

Ni gia ya kioo imekauka, sio shata. Bado inapiga, ila usikae nayo miaka, kioo kikichelewa picha zitaanza kuharibika. Tone moja la oili nyepesi ya saa linamaliza, lakini lazima lifike kwenye gia yenyewe, kwahiyo mpe anayejua ilipo.

Nimeikuta kwenye masoko ya mitumba, Kilombero au Memorial, niangalie nini kabla sijalipa?

Omba ufungue mlango. Piga spidi zote kuanzia chini, sikiliza sekunde 1. Elekeza angani piga 1/1000. Angalia kitambaa kama kina mikunjo au vitone vya mwanga. Fungua kibokisi cha betri. Kama muuzaji hataki ufungue, muage kwa heshima. Trip 35 zibe lenzi kwa kiganja, ubonyeze, kibendera chekundu kikitokea ujue kipimo chake kinahisi giza. Hayo yote dakika tatu.

Shata imejifunga na ndani kuna mkanda wenye picha za msiba wa baba. Nifanyeje?

Usifungue mlango, usilazimishe wenzo, na usimpe mtu anayetaka kujaribu. Picha zilizokwishapigwa haziharibiki kwa shata kukwama. Chini ya kamera nyingi kuna kitufe kidogo cha kuachia mkanda, kibonyeze, zungusha kitufe cha kurudishia taratibu, utasikia mkanda unaachia mwishoni na mzunguko unakuwa mwepesi. Zungusha tena mara tano ndio ufungue. Kikigoma, subiri usiku, chumba kisicho na dirisha, zima taa zote, simu iwe nje, ziba chini ya mlango kwa kanga, ingia chini ya blanketi mbili zito. Fungua mlango kwa kupapasa, toa kopo la mkanda, uuvute wote kutoka kwenye spuli, zungusha kile kijiti cha katikati ya kopo mpaka mkanda wote urudi ndani. Kopo lifunge kwenye karatasi ya foili mara mbili, andika tarehe juu, upeleke kusafisha. Kamera nitaiangalia baadaye, haina haraka.